Kilichouchoma Mguu wa Mjomba Anselmi

Uvira, Jumamosi

Mwanangu Sesilia,

Leo sikufungua garaji. Watu wamepita wakagonga bati la mlango, mmoja ameita jina langu mpaka akachoka, na mimi nimekaa humu ndani juu ya kiti cha gari kilichong'olewa, nimeweka daftari lako la zamani la shule magotini. Nimechana kurasa zilizokuwa zimebaki wazi. Unisamehe, sikukuomba.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukuambia tangu Jumatatu, na mengine amekuambia mara mbili: sanduku, chumvi, karatasi ya kuvukia daraja la Ruzizi, nani wa kumsalimia na nani wa kumkwepa. Hapo sina la kuongeza. Kesho lori litakupeleka Usumbura, utakaa kwa mjomba wako Anselmi, na Jumatatu utaanza masomo ya uuguzi kwa masista. Ni yeye mwenyewe aliyeomba ukae kwake. Alituma ujumbe kwamba chumba chako kimepakwa chokaa na kitanda kimepatikana. Nilipousikia ujumbe huo nilitoka nje nikajifanya naangalia betri.

Kuna jambo kuhusu mguu wake ambalo hulijui. Hata yeye halijui. Sitaki ule ugali wake hata siku moja kabla hujalisikia, na ulisikie kutoka kwangu.

Unakumbuka mwezi uliopita tulipotengeneza lile gari kuukuu la mapadri? Ulikuwa umemaliza mitihani, ukaja kunishikia taa. Padri alilalamika kwamba akiendesha mpaka Kiringye anafika miguu imeiva. Tulitoa viti, tukatoa mbao za chini, tukaufikia ule ukuta wa chuma unaotenga injini na miguu ya dereva. Pale tukakikuta kizuia joto cha zamani, blanketi nene la sufu lililopakwa lami, limeoza, limelowa mafuta, na panya wamezalia ndani yake. Ukacheka ukasema panya hao lazima wamebatizwa, maana wanakwenda misa kila kijiji. Tukakwangua yote mpaka chuma kikabaki uchi. Kisha nikakuambia tusikate kwanza. Tukapima kwa karatasi ya gazeti, tukaitoboa kila mahali panapopita kitu, usukani, pedali, nyaya, tukaijaribisha mara tatu, na wewe ukaandika kwa chaki MBELE upande wa mbele. Ndipo nikachukua bamba jipya la amianti, ile karatasi nene ya kijivu isiyoshika moto, nikaweka mkasi juu yake, na mkono wangu ukaanza kutetemeka.

"Baba, uko na homa?" uliniuliza.

Nikakujibu ni malaria. Ukakimbia kunitafutia kwinini, nikaimeza mbele yako, chungu yote ile, na mwilini sikuwa na ugonjwa wowote. Ulinifunika na koti lako. Tangu siku ile sijalala vizuri, mwanangu, kwa sababu niliona kwamba baada ya miaka saba nimefika mahali pa kumeza dawa ya uongo ili nisikujibu swali dogo.

Nikuambie sasa.

Ulikuwa na miaka kumi. Yule Mgiriki mwenye duka mtaa wa Kimanga, tuliyemwita Bwana Mandevu, alinunua kamionete, lori dogo kuukuu la kabla ya vita, kutoka Kigoma. Ilivuka ziwa kwa meli, ikashushwa bandarini Kalundu, na nusu ya mji ilikwenda kuishangaa kwa sababu usukani wake ulikuwa upande wa kuume. Kwa Waingereza ndivyo wanavyoendesha. Mimi ndiye niliyemwombea Anselmi kazi ya kuiendesha. Alikuwa shemeji yangu, mdogo wa mama yako, kijana mwenye macho makali na mkono mwepesi, na mimi nilijisifu kwa ajili yake kila nilipoketi na watu kunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi. "Yule dereva," nilikuwa nasema, "ni mimi nilimuweka pale."

Alikuwa akienda bondeni kuchukua mchele wa Bwegera na pamba ya Kiringye. Haukupita muda akaja garaji, akavua kiatu, akanionyesha wayo wake.

"Shemeji, ile motokari iko nanipika," akasema. "Huu muguu wa kuume iko kama nyama ya kukaanga. Na harufu ya esansi! Minye naendesha kichwa iko inje ya dirisha kama mbuzi."

Nilifungua nikaangalia, na harufu ya petroli ikanipokea. Kizuia joto kilikuwa kimekwisha kabisa. Vipande vilining'inia kama matambara, na upande wa kuume, pale bomba la moshi linapopita karibu na ukuta, hapakuwa na kitu isipokuwa chuma kitupu. Bwana Mandevu akaagiza bamba la amianti kutoka Usumbura. Lilichukua mwezi mzima kufika. Alinikabidhi mwenyewe kwa mikono miwili, akaniambia nilikate vizuri kwa sababu hakuna jingine, na kwamba keshokutwa gari liende soko la pamba.

Ukutani mwa garaji nilikuwa na kigezo cha bati. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimetengeneza gari la aina ileile, la daktari mmoja, na lilitoka vizuri hata nikatunza kigezo chake kama watu wanavyotunza picha ya harusi. Siku ile walikuwepo mafundi wawili wageni kutoka Usumbura, wamekuja kununua vipuri, wamekaa mlangoni wanatazama. Mmoja akaniuliza kama sipimi kwanza.

"Kupima ni kwa wanafunzi," nikamjibu. "Minye najua hii motokari kama tumbo yangu."

Nikashusha kigezo, nikakilaza juu ya bamba, nikakata huku napiga mluzi. Nilikata vizuri sana, Sesilia. Kingo zilikuwa laini, matundu yalikuwa duara. Wageni walitikisa vichwa kwa kunistahi, wakaenda zao. Nikaingia garini na bamba langu, nikaliinua ukutani, na tundu la usukani likatokea upande wa kushoto.

Gari la daktari lilikuwa la huku kwetu. Usukani wake ulikuwa kushoto, kama magari yote niliyoyagusa maishani mwangu. Wiki nzima nilikuwa nawachekesha watu kwa usukani wa ile ya Kigoma, lakini mikono yangu haikusikia habari hiyo.

Nikaligeuza bamba. Usukani ukapata tundu lake, lakini mengine yote yakahama, na upande wa kuume pakabaki wazi mahali pakubwa kama sahani ya wali, palepale penye bomba la moshi, palepale unapokaa mguu wa dereva. Nikakaa chini ya usukani nikiangalia lile tundu. Kutoka hapo hadi duka la Bwana Mandevu ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Ningekwenda, ningesema, "Bwana, nimeharibu." Angenitukana kwa Kigiriki, labda angenipiga teke, gari lingesubiri mwezi mwingine, na mambo yangeishia hapo. Lakini nilifikiria wale wageni wakisikia huko Usumbura kwamba fundi asiyepima amekata bamba upande usio wake. Nilifikiria Anselmi akinicheka. Ndiyo sababu yenyewe, hakuna nyingine. Nimeitafuta nyingine kwa miaka saba, ili nikuletee walau moja yenye heshima, na sikuipata.

Kwenye kona palikuwa na gunia la pamba, tulilotumia kufutia mikono. Nikachukua pamba, nikaishindilia katika lile pengo, nikaifunika na kipande cha gunia, nikapaka lami juu yake mara tatu mpaka ikafanana na bamba lote lililopakwa lami. Hata mimi nilipotazama kwa mbali sikuona mahali pa kuungia. Pamba, Sesilia! Hapa Uvira mtoto wa miaka mitano anajua asikaribie ghala la pamba na kijinga cha moto. Mimi nilijiambia lami itaizuia, gunia litaizuia, nitaifungua tena mwezi ujao kimyakimya bamba jingine likipatikana.

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ufa niliuziba. Waliosema hivyo hawakunieleza kwamba mtu anaweza kuziba na bado akajenga, na ukuta wenyewe ukamwangukia mwingine.

Gari likatoka, likawa baridi, likawa kimya. Anselmi alinikumbatia barabarani. Kwa wiki tano, kila alipopita mbele ya garaji alipiga honi mara mbili kunishukuru, nami nilikuwa nainua mkono juu kama askofu. Siku za kwanza nilikuwa nikiinua mkono huku tumbo linaniuma. Baadaye halikuuma tena. Hilo ndilo linaloniogopesha mpaka leo kuliko yote: kwamba liliacha kuuma.

Wiki ya sita alikuwa anarudi kutoka Bwegera. Nyuma kulikuwa na magunia ya mchele na juu yake wanawake sita na watoto wao. Alinieleza baadaye, kwa hiyo nakuambia kama alivyoniambia. Aliona moshi chini ya usukani. Akadhani ni injini. Kisha moto ukatoka ukutani, hapo kwenye mguu wake, ukadondoka kwenye mbao za chini pamoja na lami inayochuruzika. Barabara mahali pale inateremka kuelekea mtaro mkubwa wa maji ya mpunga. Angeweza kufungua mlango akaruka. Badala yake aliukanyaga moto, kwa sababu pedali ya breki ilikuwa ndani yake, akaukanyaga mpaka gari likasimama na wanawake wote wakashuka. Halafu ndipo akatoka. Kiatu kilikuwa kimeshikana na mguu.

"Kama nilitosha muguu mu ile moto, wote wangefariki," aliniambia. "Kwa hiyo sikutosha."

Vidole viwili vilikatwa. Kutembea kwake unakujua.

Siku ya pili Bwana Mandevu alinichukua twende kuangalia gari. Lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara, mbele jeusi, nyuma zima. Nikaingia peke yangu. Bamba la amianti lilikuwa limekaa vilevile ukutani, halikuungua, na upande wa kuume lilikuwepo lile pengo, na kingoni mwa pengo nyuzi za pamba zilizogeuka makaa. Yeyote angeinama angeona. Nikatoa turnavisi, bisibisi yangu ndogo, mfukoni, nikazikwangua zote, nikazitupa mtaroni. Maji yakazichukua. Kisha nikatoka, na Bwana Mandevu, ambaye si mtu mbaya, ambaye usiku ule alikuwa amekaa hospitalini na Anselmi, akaniuliza, "Fundi, ni nini?"

Nikamjibu, "Anselmi anavuta sigara, Bwana. Hilo kila mtu anajua."

Sikusema zaidi ya hapo. Angalia vizuri nilivyofanya. Hakuna neno hata moja la uongo ndani yake. Anselmi alivuta sigara kweli, na kila mtu alijua kweli. Uongo mbaya kuliko wote niliousema duniani niliujenga kwa maneno ya kweli matupu, na kwa sababu hiyo miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuusema. Utakutana na watu wanaosema kweli namna hiyo, mwanangu. Nisingependa uwe mmoja wao, lakini umezaliwa na mmoja wao, kwa hiyo jichunge.

Bwana Mandevu akamwandikia katika kitabu chake cha kazi kwamba aliteketeza gari kwa uzembe na sigara. Kwa kitabu kile hakuna aliyempa usukani tena, Uvira wala Bukavu. Ndiyo maana alikwenda Usumbura, na ndiyo maana dereva yule ninayemkumbuka analinda mlango wa stoo ya kahawa na kuwafungulia wengine lango wapite na malori.

Wewe ulikuwa unampelekea chakula hospitalini. Nilikuwa nakuona ukitoka na sufuria kichwani, na uliporudi ulituonyesha kwa kitambaa jinsi muuguzi anavyofungua kidonda, anavyokiosha hata mgonjwa akipiga kelele, ndipo anakifunga kipya. Ulimfunga mwanasesere wako mguu wa kuume. Ulipata sigara za mjomba wako chini ya mto, ukazitupa ziwani, ukarudi unalia ukisema, "Ni zile zilimuunguza." Mama yako akakusifu. Mimi nilikuwa hapo mlangoni. Watu wote wanasema umepata wito wako kwenye kitanda kile cha hospitali, na masista wameuandika katika karatasi yako. Nashindwa kuufurahia vile baba anavyopaswa, kwa sababu najua kitanda kile kilijaa kwa njia gani.

Bado sijakuambia lililo zito. Anselmi alipotoka hospitalini, kabla hajaenda Usumbura, alikuja hapa garaji na fimbo yake. Alisimama mlangoni akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "minye sikumbuke kama nilikuwa na sigara ile siku. Lakini wote wanasema, na weye unajua motokari kuliko wote. Basi iko minye. Ulifanya kazi ya muzuri, minye nikaiharibu. Unisamehe."

Na mimi nikamsamehe.

Nimeandika sentensi hiyo nikasimama, nikazunguka garaji, nikarudi. Iko palepale. Nilimshika bega, nikamwambia yamekwisha. Alilia kwa shukrani. Tangu siku ile hakuvuta sigara tena, na kila mwaka mpya ananitumia salamu ndefu kuliko za mtu yeyote.

Nilikwenda kuungama, ndiyo. Nilimwambia Padri kwamba nimesema uongo mara tatu, nikauweka katikati ya kukosa misa na kumtukana jirani, kama mtu anavyoficha yai viza katikati ya mazima. Akanipa Salamu Maria kumi. Nilizimaliza kabla sijafika kwenye baiskeli yangu, na ziliniacha vilevile.

Hapa nilikusudia kumaliza. Nilikuwa nimepanga kuandika hivi: "Ukifika, siku utakayoona inafaa, umsomee mjomba wako barua hii." Niliona ni jambo la busara. Wewe anakupenda, una sauti nzuri, angesikia taratibu, na mimi ningekuwa mbali upande huu wa Ruzizi mpaka hasira yake ipoe. Nikakunja kurasa, nikaenda nyumbani kunywa maji.

Mama yako alikuwa anaanua vile visamaki vya ndagala kwenye mkeka. Akaniuliza kwa nini nimefunga garaji siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimeshazoea kusema kidogo kidogo kwenye karatasi, mdomo ukafunguka wenyewe. Nikamwambia yote, nimesimama juani, kikombe mkononi.

Hakupiga kelele kama nilivyotazamia. Aliendelea kukusanya ndagala mpaka ukingo wa mkeka.

"Mawe!" akasema polepole, kama anayemlilia mama yake. "Miaka saba."

"Miaka saba."

"Minye nilimugombeza kaka yangu juu ya zile sigara. Siku ya ubatizo ya mutoto wa jirani, mbele ya watu wote. Nilimuita muuaji, eti alitaka kuunguza wale wamama na watoto. Weye ulikuwa pale?"

"Nilikuwa pale."

"Ulikuwa nafanya nini?"

"Nilikuwa nakula."

Akanitazama. Mama yako amenitazama kwa namna nyingi katika ndoa yetu, na zaidi ya nusu nilistahili, lakini namna ile ilikuwa mpya. Nikamwambia upesi kwamba nimeandika barua, kwamba wewe utamsomea Anselmi, kwamba kesho tu atajua kila kitu.

"Barua?" akasema. "Ule mutoto anaenda kujifunza kuponya vidonda vya watu, na weye unamupa kidonda yako abebe kwa kichwa pamoja na sanduku? Atakaa namna gani mu ile nyumba? Atasema: mujomba, asante kwa chumba, na baba yangu njo alikuchoma? Weye hauna mudomo? Muguu wa kaka yangu, ni mutoto njo aliuchoma?"

Nikasema anisamehe.

"Usiniombe minye," akajibu. "Minye niko nyuma ya mulango. Kuko muntu iko mbele yangu."

Akabeba mkeka na ndagala zake akaingia ndani. Nimerudi hapa, na nimeketi muda mrefu nikisoma nilichokuandikia. Ana haki. Nilikuwa tayari kufanya tena kilekile: pengo ni langu, nami natafuta kitu laini cha kushindilia ndani, na safari hii kitu hicho ni wewe.

Sitakupa mashauri mengi. Mtu aliyekata bamba upande usio wake hana haki ya kufundisha watu kupima. Nitakuambia tu nilichojifunza kwa gharama ya mguu wa mtu mwingine. Utakosea kazini. Utatoa dawa isiyo yake, au utamfunga mgonjwa vibaya, hata uwe hodari, na hasa siku utakayokuwa hodari huku watu wanakutazama. Siku hiyohiyo nenda ukaseme, wakati kosa bado ni la kutukanwa tu. Aibu ya siku ya kwanza inachoma usoni na inapita. Ya miaka saba inakaa mahali pengine, inakula chakula chako, inakaa nawe kanisani, inapokea salamu za mwaka mpya kwa niaba yako. Na watu wakikusifu kwa kazi na wewe unajua kilichomo nyuma ya lami, usiinue mkono.

Kuhusu Anselmi sijui atafanya nini. Anaweza kunipiga kwa fimbo yake, na nitasimama anipige. Anaweza kusema damu yangu isilale kwake, ukakosa kile chumba, na hapo tutaomba masista wakupokee, na utanikasirikia kwa haki. Nimefikiria ningoje mpaka umalize masomo, ili usipoteze kitanda. Nimeona kwamba huo nao ni mluzi wangu uleule wa kukatia bamba. Jumanne, nikirudi, nitakwenda dukani kwa Bwana Mandevu nimwambie arekebishe kile alichoandika katika kitabu cha kazi, na yeye akitaka kuufikisha uongo wangu kwa wakubwa, sitabisha. Garaji inaweza kufungwa. Mama yako analijua hilo.

Ndiyo, nimesema nikirudi. Nimekwenda kwa mwenye lori saa kumi hii, nikaomba nafasi ya pili. Nitakupa barua hii sasa, jua halijazama, uisome kabla hatujala, kwa sababu najijua: kesho asubuhi ningeweza kuona tairi bovu, au mteja wa haraka, nikakuaga barabarani kwa mkono juu. Ukishaisoma siwezi tena. Ukitaka kunikasirikia, anza leo, njia ni ndefu. Ukitaka kukaa mbali nami juu ya magunia, kaa.

Nakuomba jambo moja tu. Tukifika, mjomba wako atatoka na mguu wake ule, atafurahi kuniona kwa kuwa hanitarajii, atanikumbatia kabla hata hajakupokea sanduku. Wewe unyamaze. Usinisaidie, usinishike mkono, usianze kwa niaba yangu hata ukiona nimekwama. Acha nikwame, mpaka nimwambie.

Baba yako